Maji Yamemwagika, Amana Isimwagike



Juma hili tumeonelea tuzungumze juu ya jambo ambalo huonekana dogo mpaka siku linapobisha hodi nyumbani: kikombe cha chai, gilasi ya sharubati au maji ya kupiga deki yanapoingia katika kompyuta ya mezani. Kompyuta hiyo, katika nyumba nyingi za pwani yetu, imekwisha kuwa sehemu ya riziki na ya malezi. Humo mama huweka oda za mabuibui na hesabu za mahamri. Humo mna daftari la chama, orodha ya wanafunzi wa madrasa, kazi za shule za watoto na picha za harusi za jamaa. Chombo chenyewe kikiharibika, kitanunuliwa kingine siku Mwenyezi Mungu akijaalia. Yaliyomo ndani yake hayauzwi katika duka lolote, na mengi kati ya hayo ni amana za watu.

Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Hata hivyo, kile yalichokimwagikia mara nyingi huokoleka, ikiwa watu wa nyumbani wanajua la kutenda na la kutotenda. Kompyuta iliyomwagikiwa aghalabu humalizwa na kitendo kinachofuata ajali, pale mtu anaposhindwa kusubiri akabonyeza kitufe ili aone kama bado inafanya kazi. Basi katika safu hii tutashika mpango mmoja wa kutangulizana: binadamu kwanza, yaliyohifadhiwa pili, mashine mwisho.

Adui ni umeme

Maji safi kabisa, yasiyo na chembe ya madini, hupitisha umeme kidogo mno. Lakini maji hayo hayapo jikoni mwetu. Maji ya bomba yana madini, maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi, chai ina sukari na maziwa, na soda ina asidi. Ndani ya kompyuta mna ubao mpana uliochorwa njia nyembamba za shaba, ambao mafundi huuita mazabodi. Kimiminiko kikigusa njia mbili zilizo jirani wakati umeme unapita, umeme hupata njia ya mkato, hupita pasipotakiwa, na vipuri vidogo huungua. Hata visipoungua, umeme unaopita katika maji yenye chumvi huila shaba yenyewe. Ubao ambao ungestahimili unyevu kwa muda bila umeme, huweza kuharibika upesi ukiwa na umeme.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kuzima kompyuta si sawa na kuikata umeme. Tangu kampuni ya Intel ilipotoa mwaka 1995 muundo uitwao ATX, kompyuta nyingi za mezani huendelea kupokea volti 5 katika mazabodi hata zikiwa zimezimwa, ilimradi plagi ingali ukutani na swichi yake imewashwa. Ndiyo maana taa ndogo huonekana ndani yake usiku kucha. Kompyuta iliyolowa ikazimwa kwa kitufe tu, bado inaliwa.

Dakika ya kwanza

Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 240, nao huua. Kabla ya kuifikiria kompyuta, tuangalie tumesimama wapi. Ikiwa maji yametapakaa sakafuni, au yamefika kwenye soketi au ekstensheni, tusiguse chochote hapo. Tuwaondoe watoto, kisha tuzime umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kuu. Ikiwa soketi ni kavu, nasi tumesimama pakavu na mikono yetu ni mikavu, tuzime swichi ya ukutani mara moja kisha tuchomoe plagi. Tusingoje kompyuta ijifunge kwa utaratibu wake wa kawaida. Barua ambayo haijahifadhiwa itapotea, lakini barua moja ni fidia ndogo.

Zipo nyumba ambazo kompyuta imeunganishwa na UPS, yaani kile kisanduku chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika. Hapo kuzima ukutani hakutoshi, maana kisanduku hicho huendelea kutoa umeme wenye nguvu ile ile kutoka kwenye betri yake. Ni sharti nacho kizimwe kwa kitufe chake, na waya wa kompyuta uchomolewe humo.

Baada ya hapo tuchomoe nyaya nyingine zote: ya kiwambo, ya kibodi, ya kipanya, ya printa na ya intaneti. Umeme ukishakatwa kabisa, tubonyeze kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa sekunde 10 hivi, ili mabaki ya umeme yaliyosalia ndani yaishe. Tangu wakati huo kitufe hicho kisiguswe tena mpaka tutakapofika huko mbele.

Neno la kwanza kutoka kwa mzazi

Dakika hiyo ya kwanza haitegemei maarifa ya umeme peke yake. Hutegemea pia malezi. Mtoto aliyezoea kupigiwa kelele kwa kila kinachovunjika atafanya nini kikombe kikimponyoka? Atafuta meza kwa shati lake, atanyamaza, naye ataitazama kompyuta ikiendelea kunguruma huku sharubati ikipenya ndani. Saa moja baadaye itazimika yenyewe. Hakuna atakayejua sababu, na baba atajaribu kuiwasha mara tano. Katika nyumba kama hiyo, hofu ya mtoto ndiyo iliyoiua mashine.

Vivyo hivyo kwa dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Akijua kwamba mshahara wake utakatwa kwa maji ya deki yaliyoruka, atakausha sakafu na kukaa kimya, na sisi hatutaweza kumlaumu kwa kulinda riziki yake. Mficha maradhi kifo humuumbua; lakini aghalabu tunaofundisha watu kuficha ni sisi wenyewe.

Basi agano lifanywe kabla ya ajali: amwagaye akasema hapo hapo hatapigwa, hatatukanwa wala hatakatwa kitu. Na siku likitokea, neno la kwanza la mzazi liwe ni swali la huruma: "Hujaumia, mwanangu? Hujagusa waya?" Kufundisha adabu ya vikombe kuna wakati wake, nao ni baada ya umeme kukatwa na moyo kutulia.

Tutazame maji yamefika wapi

Mara nyingi kilichomwagikiwa ni kibodi peke yake, na hapo msiba ni mwepesi. Tuichomoe, tuipindue juu chini, tuitikise taratibu na kuiacha ijichuje. Kibodi ya kawaida ya waya, hata ikiwa imenyweshwa soda, yaweza kusuuzwa kwa maji safi na kukaushwa siku tatu au nne kabla ya kuunganishwa tena. Isiporudi, bei yake si ya kuliliwa. Kiwambo nacho kikatwe umeme, kifutwe kwa kitambaa kikavu na kuachwa kikauke. Kisifunguliwe nyumbani, kwani ndani yake huwa na sehemu za umeme mkubwa.

Lenye uzito ni kile kisanduku chenyewe, ambacho wengi wetu hukiita sipiyu. Ikiwa nyumbani hakuna aliyewahi kukifungua, kiinamishwe upande utakaotoa maji, kiachwe bila umeme na kupelekwa kwa fundi. Kama yupo mwenye kuthubutu, kazi si ngumu. Aguse kwanza chuma kitupu cha kasha ili umeme tuli wa mwilini umtoke. Afungue skrubu za nyuma zinazoshika ubavu wa kasha, kisha apige picha kwa simu kabla ya kugusa waya wowote, maana picha hiyo ndiyo itakayomkumbusha kila waya ulikuwa wapi. Anyonye maji kwa kitambaa cha pamba kisichoacha nyuzi, kwa kugandamiza na si kwa kusugua. Atoe ile betri ndogo ya mviringo mfano wa sarafu iliyo juu ya mazabodi. Ina volti 3, nayo huendelea kutoa umeme hata plagi ikiwa mbali. Kisha aitoe diski, aifunge kwa kitambaa kikavu na kuiweka mahali salama. Habari zake tutazileta hivi punde.

Kuna sehemu moja tunayosihi isifunguliwe na mtu yeyote nyumbani: ile inayopokea waya wa umeme, ambayo mafundi huiita pawasaplai. Humo mna vipuri viitwavyo kapasita, ambavyo huweza kubaki na umeme wa hatari baada ya plagi kuchomolewa. Ikilowa, na ibadilishwe.

Kukausha bila pupa

Maji matupu yakikauka huacha uchafu kidogo. Chai, soda, uji na mchuzi huacha utando, na utando wenye sukari au chumvi huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo mashine haikauki ikabaki kavu. Palipoingia vitu hivyo, mafundi husafisha ubao kwa alkoholi ya aisopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, kwa brashi laini. Spiriti ya vidonda inayouzwa duka la dawa haishiki nafasi yake, kwa kuwa kwa kawaida imechanganywa na maji mengi zaidi, na nyingine hutiwa vitu vinginevyo. Alkoholi hiyo huwaka moto upesi, basi itumiwe mbali na jiko na madirisha yakiwa wazi.

Baada ya hapo ni subira. Saa 48 ndicho kiwango cha chini, na kwa hewa yetu ya pwani, iliyojaa unyevu na chumvi ya bahari, saa 72 ni bora, hasa wakati wa masika. Kasha liachwe wazi kivulini, mbele ya feni ya kawaida. Jua kali hupinda plastiki. Mashine ya kukaushia nywele yenye hewa ya moto huyasukuma maji ndani zaidi na huweza kudhuru vipuri. Na mchele tuuache kwa ajili ya pilau: hauvuti unyevu kuliko hewa inayotembea, na vumbi lake huingia katika matundu.

Amana iliyomo katika diski

Sasa turudi kwenye ile diski. Hiyo ndiyo yenye oda, daftari na picha. Kwa kuwa imefungiwa katika kasha lake la chuma, mara nyingi hutoka salama hata mazabodi ikiwa imekufa. Tujue hivyo, tusikate tamaa kwa sababu tu kompyuta haiwaki.

Mfano mmoja watosha. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Columbia kilisambaratika kikiwa njiani kurudi duniani, na wanaanga wote 7 wakafariki. Kati ya mabaki yaliyoanguka ilipatikana diski moja ya megabaiti 400, imeungua nje, ikiwa imelala miezi kadhaa katika ziwa lililokauka. Mtaalamu Jon Edwards wa kampuni ya Kroll Ontrack aliisafisha, akazihamishia sahani zake katika diski nyingine, na akasoma takriban asilimia 99 ya yaliyokuwamo. Matokeo ya jaribio la kisayansi lililohifadhiwa humo yalichapishwa mwaka 2008. Ikiwa hiyo ilisomeka, diski iliyorushiwa chai isizikwe upesi.

Kwa hiyo, kama diski haikulowa, tusiirudishe katika mashine ile ile. Fundi, au kijana wa nyumbani mwenye ujuzi, aiunganishe na kompyuta nyingine nzima kwa waya maalumu wa USB unaouzwa kwenye maduka ya vifaa hivyo, na kila kitu kinakiliwe. Ndipo mashine iliyolowa ijaribiwe bila diski. Ikiwaka, ni heri. Ikiungua, imeungua yenyewe.

Kama diski yenyewe imelowa, au imezama katika maji ya mafuriko, tusiiwashe kabisa, tusiifungue wala tusiianike juani. Matope yakikauka ndani hugandamana na sahani zake. Ifungwe ikiwa na unyevu wake katika mfuko usiopitisha hewa na ipelekwe kwa wataalamu wa kuokoa data. Kazi yao ni ghali, nasi tupime: je, yaliyomo yana thamani ya gharama hiyo? Daftari la fedha za wanawake thelathini huenda likawa nayo.

Sitara kwa fundi

Hapa tunawageukia kina mama na mabinti hasa. Diski ya nyumbani huwa na picha za kesha la hina, za sebuleni bila shela, na za watoto wakioga. Kuipeleka kompyuta kwa fundi pamoja na diski yake ni kuyapeleka yote hayo. Twajua mafundi wengi ni watu waaminifu, lakini sitara ya nyumba haiachwi mikononi mwa mtu tusiyemjua. Ikiwa diski ni nzima, ibaki nyumbani. Fundi ahitaji diski ya kujaribia, anayo yake. Ikiwa ni lazima aishike, aende naye mtu wa nyumbani, na kunakili kufanyike mbele ya macho yake. Tusisahau pia kwamba humo mna majina, namba za simu na vipimo vya wateja wetu. Nchini mwetu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeweka wajibu juu ya wanaoshika habari za watu wengine, na kabla ya sheria hiyo wajibu wa amana ulikwisha kuwapo.

Nasi tuwe wakweli kwa fundi. Tumwambie kilichomwagika, saa ngapi, na kama kuna aliyejaribu kuiwasha. Na mtu akitaka kuiuza kompyuta hiyo baadaye, amweleze mnunuzi kwamba iliwahi kulowa. Kuficha aibu ya bidhaa ni ghushi, hata kama kwa siku hiyo inawaka vizuri.

Ikiwaka, tusidanganyike

Kompyuta ikirudi, tumshukuru Mwenyezi Mungu, lakini tusiiamini mara moja. Kutu iliyoanza hufanya kazi polepole, na mashine iliyopona leo huenda ikazimika baada ya wiki kadhaa. Tunuse kama kuna harufu ya kuungua, tusikilize kama feni zinazunguka, tuangalie kama inajizima ovyo. Palipo na shaka, izimwe na ikatwe umeme tena.

Kinga tunaijua sote, ila huwa hatuipi nafasi. Vinywaji viwe na meza yake, mbali na ya kompyuta. Sipiyu iinuliwe kutoka sakafuni kwa kibao au kigoda kifupi, ili maji ya deki na ya mvua yapite chini yake, na ekstensheni isilazwe sakafuni. Tena pawe na nakala tatu za kila kilicho muhimu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba: moja katika kompyuta, moja katika flashi au diski ya nje, na moja katika hifadhi ya mtandaoni au kwa shangazi aliye mtaa wa pili, ikiwa imefungwa kwa nenosiri. Katibu wa chama anayefanya hivyo kila Ijumaa baada ya hesabu hatakosa usingizi kwa kikombe cha chai.

Basi tunawaomba jambo moja kabla ya juma lijalo. Mkiwa pamoja jioni, waonyesheni watu wote wa nyumbani, mkubwa kwa mdogo, swichi ya ukutani ya kompyuta iko wapi na swichi kuu ya nyumba iko wapi. Kisha waambieni watoto kwa uwazi kwamba atakayemwaga kitu akasema upesi hatakuwa na kosa kwenu. Maneno hayo mawili huchukua dakika tano, nayo hulinda amana za wengi.

Tukutane juma lijalo, inshallah.